Presha ya Mtu Aliyesimama

Hakuna kitu kinachotokea ndani ya mwili wa binadamu ambacho kinaweza kunishangaza mimi. Naliweka hili mwanzoni ili wewe kijana unayesoma ujue nani anakuandikia. Miaka ishirini na mbili nimepima presha za watu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda. Nimefunga mpira kwenye mikono minene ya wafanyabiashara wa Rwekubo na kwenye mikono ya watu walioshuka jana Kabazana, kituo cha kupokea wageni, mikono ambayo mpira unaizunguka mara mbili na bado unalegea. Shule niliiacha darasa la nne, huko Kivu Kusini. Pamoja na hivyo, waliosoma wamewahi kuniita pembeni waniulize, na nimewajibu bila kuwatoza.

Kazi nimeiacha mwaka huu kwa sababu ya masikio. La kushoto limekufa, la kulia linalifuata. Nina miaka hamsini na tatu na mikono yangu haitetemeki, lakini mashine yangu ni ile ya kusikiliza. Ninyi mna mashine za betri zinazoandika namba zenyewe. Sizicheki. Nataka tu mjue kwamba namba inajibu swali ulilouliza, na swali likiwa bovu, betri haitakuambia.

Nilianza kwa ufagio. Nilipopewa kiwanja katika kijiji cha Kashojwa nilitafuta kazi kila mahali, na aliyenichukua alikuwa muuguzi Mganda, Sista Jenina, mwenyeji wa Mbarara, aliyekuwa na kliniki yake ndogo ya vyumba viwili kando ya barabara ya Base Camp. Siku ya kwanza aliniambia mambo mawili: sakafu ipigwe deki kabla ya saa moja, na nisiwaambie wagonjwa wanaumwa nini. La kwanza nililishika siku hiyohiyo. La pili lilinichukua miaka mingi, kama mtakavyoona.

Mwezi wa tatu alinifundisha mashine. Ilikuwa ya saa yenye mshale, na pampu ya mpira iliyobandikwa kiraka cha baiskeli. Unajaza upepo mpaka damu ya mkono inasimama. Unaachia polepole huku umetega sikio penye kiwiko. Kimya, kimya, halafu tok. Hapo damu imeanza kupenya: shika namba. Tok, tok, tok, halafu kimya tena: shika namba ya pili. Sista alinipimisha mkono wake mara arobaini kabla ya kuniruhusu kugusa mtu mwingine. Mkono ulivimba. Mimi nilisikia tok kuanzia mara ya tatu, lakini hakuniamini, na nadhani ulikuwa wivu.

Kesi iliyonifanya nianze kuuliza maswali ilikuwa ya mkulima wa nyanya. Alikuwa amepulizia dawa ya wadudu asubuhi nzima, pampu ya mgongoni inavuja, shati limelowa. Walimleta kwa bodaboda katikati ya watu wawili. Mate yanamwagika, machozi yanatoka, jasho linatiririka, suruali imelowa mkojo, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mimi nikatangaza kwa sauti, "Hii ni malaria ya kichwa!"

Sista hakunitazama hata kidogo. "Sebo," akasema, yaani bwana kwa lugha yao, "funga mdomo. Hesabu moyo."

Nikahesabu. Arobaini na nne kwa dakika. Mtu anakufa huku moyo wake umetulia kama wa mtu aliyelala! Sista akamvua nguo, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, akampiga sindano ya atropini. "Hesabu." Hamsini na mbili. Sindano nyingine. "Hesabu." Sabini. Tena. Tisini na sita. Mate yakakauka, macho yakafunguka kama mlango, na yule bwana akaomba maji. Sista akamtafutia gari la kumpeleka hospitali Mbarara palepale, kwa sababu, alisema, dawa inachoka mapema kuliko sumu.

Jioni ile sikutaka kwenda nyumbani. Nilimuuliza, "Sista, sindano umepiga mkononi. Imekausha mdomo, imekimbiza moyo, imefungua macho. Imejuaje fasi zote tatu?"

Alicheka, akachora kwenye mgongo wa bahasha. Akasema mwilini mna nyaya ambazo hazingoji amri yako. Hukuuambia moyo upige, hukuliambia tumbo lisage. Nyaya hizo ziko za namna mbili, na karibu kila kiungo kimefikiwa na zote. Moja inasema: pumzika, toa mate, saga chakula, kojoa. Nyingine inasema: kaza, pandisha, jiandae kukimbia. Sumu ya nyanya inafanya ile ya kwanza ipige kelele bila kunyamaza. Atropini haiendi kuzima kelele. Inaziba masikio ya viungo. Na masikio ya namna moja yako mahali pengi, ndiyo maana dawa ya mahali pamoja inasikika mahali pengi.

Niliandika hayo kwenye daftari kwa tahajia yangu mwenyewe. Wajanja wa kliniki nyingine walikuwa wanajua majina ya dawa. Mimi nilijua masikio.

Baadaye Sista alizeeka, akafunga kliniki, akarudi kwao Mbarara. Mashine akaniachia. Nikaweka meza yangu na viti viwili: siku za kazi sokoni, Jumapili uwanja wa kanisa, pale watu wanapotoka misa. Waliniita Docta Tansio, yaani daktari wa presha. Sikuwazuia.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe.

Katekista wetu alikuwa Mzee Nestori, Mrundi, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, mrefu, sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti. Kila Jumapili alikuwa anafunga kula mpaka misa iishe, kama wazee wa zamani, kisha anakuja kuketi kwenye benchi la Mama Furaha. Mama Furaha alikuwa mjane wa Kikongo kutoka upande wa Uvira, mwenye watoto watatu na sufuria moja kubwa ya uji wa mtama. Benchi lake lilikuwa fupi, kwenye jua, hatua kumi kutoka meza yangu.

Jumapili moja Mzee Nestori alimaliza kikombe, akasimama, akaenda hatua mbili, akaanguka kama mti. Baada ya dakika akafungua macho, akaona aibu, akaenda zake. Watu wakasema ni jua. Jumapili ya pili, vilevile: uji, kusimama, kuanguka. Wakasema ni njaa ya kufunga. Jumapili ya tatu alianguka akapasua paji la uso, na hapo hakuna aliyesema jua.

Nilifika wa kwanza na mashine yangu. Alikuwa amelala chini, kichwa kwenye mapaja ya mke wake. Nikamfunga mpira, nikasikiliza. Mia moja ishirini na sita juu ya sabini na nane. Nikapima tena, ileile. Watu wamejaa, wananingoja. Na mimi, nikingojewa na watu, mdomo wangu unafunguka wenyewe.

Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni mwa kanisa, "Tansio ya huyu mzee ni ya kijana! Hapa hakuna ugonjwa!"

Nilidhani natoa habari njema. Lakini kama hakuna ugonjwa, kumbe kuna nini? Macho yote yaligeuka, moja moja, mpaka yakafika kwenye sufuria.

"Amemutilia," mama mmoja akasema.

"Karuho," akajibu mwingine. Hilo ndilo jina la sumu ambayo kwetu Kivu watu wanaamini jirani anaificha chini ya ukucha na kuidondosha kwenye kikombe.

Mama Furaha alibaki na kata mkononi. "Nimemutilia juu ya nini? Ni mteja wangu! Batu mingi bamekunywa hapa, nani amekufa?"

"Docta Tansio amesema hana ugonjwa," wakamjibu. Yaani mimi nikawa shahidi.

Kesho yake hakuna aliyekunywa uji. Wala keshokutwa. Usiku wa tatu mawe yalitua juu ya bati lake. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole asiyependa kelele, akaitisha kikao cha Alhamisi ya wiki iliyofuata, kuamua kama mama huyo na watoto wake wahamishwe kutoka Kashojwa. Nanyi mnajua kuhamishwa kwa jina la mchawi wa sumu maana yake ni nini: unakofika, jina limeshafika.

Jumapili ikaja tena katikati. Mzee Nestori hakugusa uji. Alitoka misa, akaenda nyumbani polepole na fimbo, hakuanguka. Uwanja mzima ukashusha pumzi. "Mumeona? Hajakunywa, hajaanguka!" Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Ushahidi ulikuwa umekamilika.

Isipokuwa kuna kitu nilikiona na hakikutaka kukaa vizuri. Wakati wa Injili, watu waliposimama, Mzee Nestori alishika meza ya kusomea kwa mikono miwili, akafumba macho, akangoja kidogo ndipo akaanza. Na sauti yake ilikuwa imeziba, kama mtu mwenye mafua, wiki ya nne sasa, bila kikohozi, bila kamasi. Sumu gani inaziba pua ya mtu ambaye hajainywa wiki nzima?

Mngekuwa ninyi mngeacha. Mimi kitu nisichokijua kinanikosesha hamu ya kula. Jumanne nilikwenda Mbarara kwa Sista Jenina. Nilimkuta kwenye ua wake anakata matoke, mguu mmoja kwenye kigoda kwa sababu ya goti. Nikamweleza yote, na namba zangu nikazitaja kwa fahari, kwa kuwa zilikuwa namba nzuri.

Akauliza, "Ulimpima amekaa namna gani?"

"Amelala, Sista. Ameanguka, ningempimaje?"

"Na yeye anaanguka akiwa amelala?"

Nikajifanya nakuna sikio.

"Nakuuliza, sebo. Huyo mzee, ugonjwa wake unamshika akilala?"

"Akisimama."

"Kale," akasema, yaani haya. "Wewe umeenda kutafuta mwizi nyumbani, na mwizi yuko sokoni." Akaweka kisu chini. Akachukua mpira wa kumwagilia maua, akaufunga ncha ya chini kwa kidole, akaujaza maji mpaka juu, akausimamisha. "Mtu akisimama, damu inashuka miguuni, kama maji haya. Ile waya ya kukaza, unaikumbuka? Inaiambia mishipa ya miguu: bana! Mishipa inabana, damu inarudi kichwani, wewe hujui hata kitu. Sasa ukiziba masikio ya mishipa?"

"Haibani."

"Damu inabaki chini. Kichwa kinakauka, mtu anaanguka. Akianguka amelala, damu inarudi yenyewe, anaamka. Halafu anakuja mwanaume mmoja na mashine yangu, anampima amelala, anasema mzee ni kijana."

Nilitazama matoke. Nikauliza, "Na uji?"

"Uji wa moto ukiingia tumboni, damu inaenda tumboni kusaga. Jua linafungua mishipa ya ngozi. Uji unasukuma tu mtu aliyekwisha kuwa kwenye ukingo. Mwenye kosa ni kinachoziba masikio. Kuna dawa zinafanya hivyo, na zinaziba na pua, kwa sababu mishipa ya pua nayo inalegea inajaa. Huyo mzee ana shida ya mkojo?"

"Hajasema."

"Hawasemi," akasema Sista, akarudi kwenye matoke yake. "Kile kiungo cha wazee kinachobana njia ya mkojo kina masikio yaleyale. Wanapewa dawa ya kukilegeza. Nenda kamuulize peke yake, mke asikie baadaye. Na kama anakunywa vibaya, wewe usimbadilishie. Mrudishe kwa daktari wake."

Jumatano saa nne nilikuwa kwa Mzee Nestori, baada ya sala za asubuhi. Nikamlaza kwenye mkeka. Mia na ishirini na nne juu ya sabini na sita, moyo sabini na mbili. "Sasa simama, Mzee. Nimekushika." Akasimama. Nikapampu haraka, nikaachia. Kimya. Mshale unapita mia: kimya. Tisini: kimya. Nilidhani sikio limekufa siku hiyohiyo. Themanini na nne, tok. Moyo unakimbia mia na kumi, unajaribu kuziba pengo peke yake. Uso wake ukawa rangi ya majivu, nikamkalisha upesi.

Naapa, nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu! Namba mbili za mtu mmoja, dakika mbili, na katikati yake hakuna kilichobadilika ila kusimama.

"Mzee, unakunywa dawa ya mkojo."

Alitazama mlango. "Nani amekuambia?"

"Mashine."

Alitoa pakiti chini ya mto. Alikuwa amepewa Mbarara, na maelezo alipewa vizuri: kidonge kimoja, usiku, wakati wa kulala. Naye wiki za kwanza alifanya hivyo. Lakini misa yetu, mnaijua. Ibada, matangazo, michango, kwaya nne. Katekista alikuwa anatoka mara tatu mbele ya waumini wote kwenda nyuma ya miti. Wanakwaya walianza kuhesabu. Basi akaamua mwenyewe: Jumapili anaruka kile cha usiku, anameza viwili alfajiri, tumbo tupu, asipate kutoka. Na Jumatano hivyohivyo kwa ajili ya sala.

"Na hukutoka?"

"Sikutoka hata mara moja," akasema, na nikaona na yeye ana majivuno yake. "Nilianguka tu."

"Jumapili iliyopita hukuanguka."

"Nilimeza kimoja. Niliogopa kupasuka tena. Leo, kwa kuwa sikuanguka, nimerudi kwenye viwili."

Nikamwambia hali ya Mama Furaha. Alijua kuhusu kikao, ila alikuwa ameamini kama wengine. Akairudisha pakiti chini ya mto. Nikamwambia, "Kesho mimi naweza kueleza mambo ya masikio na mishipa mpaka jioni, watasema nimenunuliwa. Ukisema wewe, imekwisha."

"Niseme habari ya mkojo wangu mbele ya wamama?"

"Yeye atahamishwa mbele ya hao hao wamama."

Akanifungulia mlango. Niliondoka bila kujua atafanya nini.

Alhamisi watu walijaa uwanja wa kanisa. Mama Furaha aliletwa na sufuria yake, kwa kuwa mwenyekiti alitaka kila kitu kiwepo. Ilikuwa na uji. Alipika, alisema, ili wasiseme ameficha. Nikasimama nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, hata mpira wa kumwagilia nilikuja nao. Mama mmoja akapaza sauti, "Juzi ulisema hana ugonjwa, leo anao! Docta gani huyu?" Wakacheka. Nikasema nilikosea kupima. Sentensi hiyo sikuwahi kuitumia, na ilitoka ndogo.

"Sema tena, hatujasikia!"

"Nilikosea kupima! Nilimpima amelala, na kitu kinamshika akisimama."

Walikuwa bado wanacheka wakati Mzee Nestori aliponyanyuka. Alinyanyuka polepole, kama nilivyomfundisha: akaketi wima kwanza, akangoja, ndipo akasimama. Akatoa pakiti mfukoni, akaiinua kama anavyoinua kitabu cha masomo.

"Hii ni dawa ya mkojo," akasema kwa sauti ile ya kujaza kanisa. "Nimekuwa nikiimeza vibaya, mbili kwa mara moja, ili nisitoke kwenye misa. Ndiyo iliyoniangusha. Mama huyu hakunipa kitu ila uji, na uji ulikuwa mzuri."

Halafu sauti ya mzee mmoja kutoka nyuma: "Nestori, hiyo dawa inatoka fasi gani?"

"Na mie niandikie!" akasema mwingine.

Uwanja ukapasuka kwa kicheko, na safari hii wazee ndio waliocheka zaidi, kicheko cha watu waliopumzika. Mwenyekiti akagonga meza: Mama Furaha anabaki, na atakayetupa jiwe atamjibu yeye. Mzee Nestori wiki iliyofuata alirudi kwa daktari wake Mbarara, akapangiwa upya, na kwaya ikaacha kuhesabu.

Basi vijana, mwenye kuanguka mpime amelala, kisha amesimama, mara moja na tena baada ya dakika tatu, na umshike. Muulize dawa zote, hasa zile ambazo hawezi kuzitaja mbele ya mke wake. Na namba nzuri isikufungue mdomo.

Lakini kikao kile hakikuwa kimeisha. Watu wanataka kuondoka, na hakuna aliyesogea kwenye sufuria. Walikuwa wameamini, ila koo zao zilikuwa bado. Mama Furaha akachota kikombe, akapita katikati ya watu wote akaja kwangu.

"Kunywa, Docta."

Nikanywa chote, mbele yao, nikasimama wima. Nikasubiri kidogo, kwa ajili ya onyesho. Hapo wakaanza kupanga foleni. Nikamrudishia kikombe huku nikitabasamu, nikingoja ahsante.

"Ulininyima soko siku kumi na moja," akasema. "Kila siku nauza bikombe ishirini na nane. Kikombe mia tano."

"Mama, lakini unga haukuutumia!"

"Siku ine za kwanza nilipika, nikamwaga. Ulikuwa fasi gani? Izo ingine nilikaa mu nyumba na batoto, tunaogopa kutoka. Iyo bei yake ni gani, weye unajua kupima?"

"Tugawane nusu."

"Mulipe, Docta!" wazee wakapiga kelele kutoka kwenye foleni. "Mulipe ukiwa umesimama!"

Mwenyekiti akanitazama, akainua mabega. Nikatoa pesa ya meza yangu ya mwezi, nikahesabu kwenye kiganja chake mpaka laki moja na elfu hamsini na nne. Hakufunga mkono.

"Na kikombe umekunywa sasa ivi?"

Nikaongeza. Shilingi laki moja, elfu hamsini na nne, na mia tano.